Kabla ya kulipia chumba Bengaluru, ulizia maji ya mwezi wa Machi

Swali: "Binti yangu amepata nafasi ya kusoma kompyuta katika chuo kimoja Bengaluru, India. Anaondoka mwishoni mwa mwezi wa Saba. Shemeji yangu alisoma huko kuanzia 1994 hadi 1998, na mpaka leo anatusimulia mji wa bustani, baridi kama ya Lushoto, chumba cha bei ndogo na watu wapole. Kijana wa jirani aliyerudi mwaka jana anasema huko ni foleni, maji ya kununua na kila kitu kulipia kwa simu. Nimeshindwa kujua nimwamini nani. Maisha ya kila siku yakoje sasa, na nimwandae vipi mtoto?" Mzazi, Morogoro.

Ndugu mzazi, hongera kwanza kwa binti. Shemeji yako hajakudanganya, na kijana wa jirani hajatia chumvi. Nilikaa Bengaluru miaka sita, minne nikisoma mipango miji na miwili nikifanya kazi, na bado narudi mara kwa mara. Kila nikiulizwa swali kama lako naanzia bombani. Ukishajua maji ya mji ule yanatoka wapi, utaelewa kwa nini chumba cha bei ileile kinaweza kuwa raha mtaa mmoja na mateso mtaa wa pili, na utaelewa pia shemeji yako aliuona mji gani.

Bengaluru uko juu ya uwanda, kama mita 920 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo sababu ya ile hali ya hewa anayoisifia shemeji. Lakini ukikaa mgongoni mwa nchi, maji yanakukimbia pande zote mbili, na mji ule hauna mto mkubwa unaopita kati yake. Tangu enzi za Kempe Gowda, mtawala aliyeuanzisha mwaka 1537, watu wa pale walichimba mabwawa, wenyewe wanayaita "kere". Bwawa la juu likijaa, maji yanashuka kwa mfereji hadi bwawa la chini, na la chini hadi lingine. Mifereji hiyo inaitwa "rajakaluve", yaani mifereji ya mfalme. Kilikuwa kitu cha akili sana: mvua ya miezi michache ilitunzwa ikatumika mwaka mzima, na visima vya jirani havikukauka.

Mji ulipokua, mabwawa hayakutosha. Miaka ya 1890 wakaanza kuvuta maji kutoka Hesaraghatta, kisha mwaka 1933 kutoka Thippagondanahalli, na kuanzia 1974 kutoka mto Cauvery. Dar es Salaam nayo inakunywa maji yaliyoanzia kwenye milima yenu ya Uluguru, lakini maji ya mto Ruvu yanateremka yenyewe sehemu kubwa ya safari. Ya Cauvery yanapanda. Yanasukumwa na pampu kilometa 100 hivi, yakipandishwa karibu mita 500 kwenda juu, usiku na mchana. Umeme ukikatika kwenye mitambo, au bomba kuu likifanyiwa matengenezo, mji mzima unapata habari kabla ya jioni.

Maji ya mbali yalipofika, mabwawa ya karibu yakaonekana hayana kazi, na ardhi ilikuwa inapanda bei. Binti yako akishukia stendi kuu ya mabasi, Majestic, atakuwa amesimama juu ya sakafu ya bwawa la Dharmambudhi. Uwanja wa michezo wa Kanteerava umekaa palipokuwa bwawa la Sampangi. Hata majina ya vituo yanasimulia: kinachoishia na "halli" kilikuwa kijiji, na kinachoishia na "sandra" kimetokana na "samudra", bahari, jina walilolipa bwawa kubwa. Mimi nilikaa miezi saba mtaa wenye jina la namna hiyo bila kuona hata kidimbwi, mpaka mvua za Septemba zilipokuja kunionyesha bwawa lilikuwa wapi.

Sasa shemeji yako. Alifika kwenye mji ambao sensa ya 1991 iliukuta na watu milioni 4.1. Kampuni za kompyuta zilikuwa zimeshaanza kuingia. Texas Instruments ilifungua ofisi mwaka 1985, na Infosys ilikuwa imeshahamia kutoka Pune. Lakini wimbi lenyewe lilikuwa bado. Sensa ya 2011 ilikuta watu milioni 8.5, na tangu hapo haijakamilika sensa nyingine, ila anayepanda basi saa mbili asubuhi hahitaji kuhesabiwa watu. Mwaka 2007 mipaka ya mji ilipanuliwa ikameza vijiji 110 vya pembezoni. Ofisi za vioo, hosteli na vyuo vingi vipya vikaota hukohuko, maeneo kama Whitefield na pembeni ya barabara ya mzunguko. Barabara zilifika, intaneti ikafika, maji ya Cauvery hayakufika. Watu wakachimba visima virefu, kila jengo na chake, na kisima kikikauka wakaita boza.

Ndiyo hali iliyokuwepo mvua ziliposhindwa mwaka 2023. Kufikia Machi 2024 maelfu ya visima vilikuwa vimekauka, na aliyekuwa naibu waziri mkuu wa Karnataka, jimbo ulipo mji huu, D. K. Shivakumar, alisema hadharani kwamba hata kisima cha nyumbani kwake kimekauka. Maboza yakapandisha bei mpaka serikali ikaingilia na kupanga: lita 12,000 ndani ya kilometa 5, rupia 1,000. Aliyekamatwa akiosha gari kwa maji ya kunywa alitozwa faini ya rupia 5,000. Na usisahau kwamba Septemba 2022, mwaka mmoja na nusu tu kabla ya hapo, mitaa hiyohiyo ilikuwa chini ya maji, na wafanyakazi wa kampuni za kompyuta walipelekwa kazini juu ya trekta. Mtu anaweza kuona ni bahati mbaya mara mbili. Mimi naona ni kosa moja: mifereji ya mfalme imejengewa juu, kwa hiyo mvua ikija haina pa kwenda, na ikiondoka haijaacha kitu.

Oktoba 2024 ilizinduliwa awamu ya tano ya mradi wa Cauvery, lita milioni 775 kwa siku, mahsusi kwa vile vijiji 110. Imesaidia. Lakini bomba kufika mtaani ni jambo moja, na mwenye nyumba kulipia kuunganishwa ni jambo lingine.

Hebu nikupe asubuhi moja. Hosteli binafsi kule zinaitwa "piji", nyumba ya ghorofa nne au tano, vyumba vya watu wawili au watatu, chakula ndani ya kodi, na mama msimamizi anayeitwa "anti" hata na watu wanaomzidi umri. Saa kumi na moja na nusu boza linaingia kwa kurudi nyuma kwenye kichochoro, tingo anagonga bodi kwa kiganja kumwelekeza dereva. Mpira mnene unashushwa kwenye tanki la chini ya ardhi, na anti amesimama na khanga ya usingizini mabegani, sawa na mama yeyote wa Kihonda hapo kwenu, akihakikisha boza limejaa kweli kabla hajasaini kidaftari. Halafu inawashwa pampu ya kupandisha maji kwenye matanki ya plastiki juu ya paa, haya tunayoyaita simtanki. Wasichana wa ghorofa ya juu wanasikia mlio wa pampu wakiwa kitandani, na wenye akili wanaamka hapohapo. Anayelala mpaka saa mbili anakuta bomba linatoa hewa.

(Najua, khanga Bengaluru? Ni mtandio wa pamba tu. Lakini nilipomwona mara ya kwanza nilijihisi nyumbani.)

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu. Mtoto atafika mwezi wa Nane, katikati ya mvua. Kila piji atakayoikagua itakuwa na maji kila bomba, na kila msimamizi ataapa kwamba shida ya maji anaisikia kwenye redio tu. Asiulize habari za leo. Aulize: Machi na Aprili hapa maji yalikuwaje? Ni ya Cauvery, ya kisima, au ya boza? Kodi inapanda maboza yakipanda bei? Kisha atafute mwanafunzi anayekaa pale tangu mwaka uliopita amuulize maneno hayohayo, anti akiwa hayupo. Mitaa ya zamani kama Jayanagar, Basavanagudi na Malleshwaram ina mabomba ya Cauvery ya miaka mingi, ingawa kodi iko juu. Chuo kikiwa nje ya mji, kukaa kwenye hosteli ya chuo mwaka wa kwanza ni busara hata kama chumba ni kidogo. Na asikodishe nyumba kamili kwa pupa: mwenye nyumba wa Bengaluru kwa desturi anaweza kudai dhamana ya hadi miezi kumi. Hiyo ni nje ya kodi. Kuirudisha ni hadithi nyingine. Mimi niliipata yangu pungufu, kwa maelezo kwamba nimechakaza rangi ya ukuta niliyoikuta imechakaa.

Baridi ya Lushoto, hapana. Usiku wa Desemba atahitaji sweta, mwezi wa Saba mpaka wa Kumi kuna ubaridi mzuri na manyunyu, lakini Aprili 2024 joto lilipita nyuzi 38. Feni ni lazima.

Chakula kitamshangaza kwa uzuri. Kule "hoteli" ni mahali pa kula, kama kwetu. Kuna vijihoteli vya kula ukiwa umesimama, vinaitwa "darshini", vilianza miaka ya 1980: unalipa kwanza dirishani, unapewa risiti, unaipeleka kwa mpishi, na kabla hujavuta pumzi umeshikishwa sahani ya chuma. Idli ndiyo chakula cha asubuhi, ukiiona utadhani kitumbua cheupe, ila haina sukari wala mafuta. Ni mchele na choroko nyeusi vilivyosagwa, vikachachuka usiku, vikapikwa kwa mvuke. Kahawa inakuja kwenye bilauri ndogo ya chuma yenye bakuli lake, maziwa mengi, moto wa kuunguza vidole. Na akikumbuka nyumbani aombe "ragi mudde". Ragi ni ulezi, na mudde ni tonge kubwa la ugali wa ulezi, jeusijeusi, linaliwa na mchuzi wa pilipili. Wenyeji wanalimeza bila kutafuna na watamcheka akitafuna. Ulezi wenyewe uliondoka upande wetu wa Afrika maelfu ya miaka iliyopita ukafika huko, kwa hiyo asione haya: yeye ndiye mwenye mali.

Kuhusu simu, kijana wa jirani yuko sahihi kabisa. Mfumo wao unaitwa UPI, ulianza 2016, na Novemba ya mwaka huohuo serikali ilipofuta ghafla noti za rupia 500 na 1,000, watu wakasukumwa kuutumia. Ni kama lipa namba zetu, isipokuwa pesa inatoka benki moja kwa moja kwenda benki nyingine, hakuna wakala, na mlipaji hakatwi. Muuza nazi ana kibao cha msimbo wa kuskani kimefungwa kwa mpira kwenye mkokoteni, na kando yake kispika kinachotangaza kwa sauti kiasi kilichoingia, ili asidanganywe na mtu anayeonyesha skrini. Mtaa mzima unasikia umenunua ya shilingi ngapi.

Mambo hayo nayo yana upande wake wa pili. Julai 2025 maofisa wa kodi wa jimbo walipitia rekodi za UPI wakawapelekea notisi wafanyabiashara wadogo ambao mapato yao yalionekana kupita kiwango cha kujisajili kwa kodi, rupia laki 40 kwa mwaka kwa wanaouza bidhaa. (Laki hii ni ileile yetu, tuliipata kutoka kwao.) Ndani ya siku chache vibao vikang'olewa, na karatasi zikabandikwa: hatupokei kwa simu, taslimu tu. Ilikuwa kichekesho chenye uchungu, mji wa kompyuta ukitafuta chenji. Serikali ilituliza mambo baadaye, lakini mimi tangu hapo sitembei Bengaluru bila noti. Binti yako naye mpaka apate laini ya simu ya India na akaunti ya benki ataishi kwa taslimu, na hilo linaweza kuchukua wiki kadhaa. Mwandalie.

Foleni sitakupotezea muda; ni mbaya kuliko unavyofikiria. Treni ya mjini, Namma Metro, ilianza Oktoba 2011 na kipande kifupi. Mstari wa zambarau ulifika Whitefield ukiwa mzima Oktoba 2023, na wa njano wa kwenda Electronic City, eneo la kampuni za kompyuta, ulifunguliwa Agosti 2025. Nauli ilipandishwa Februari 2025, safari ndefu kabisa ikafika rupia 90, na watu walilalamika sana, lakini bado wanapanda. Achague chumba kinachofikika kwa miguu kutoka kituo cha metro, hata kama ni mbali zaidi na chuo kwenye ramani. Kwenye mabasi ataona wanawake hawalipi. Ni mpango wa jimbo tangu Juni 2023, ila ni kwa wakazi wa Karnataka wenye kitambulisho, kwa hiyo yeye akate tiketi. Bajaji zipo tele, ingawa kule wanaziita "auto". Mita inaanzia rupia 36 kwa kilometa mbili za kwanza, halafu 18 kwa kila kilometa. Dereva atamwambia mita imeharibika. Huwa imeharibika.

Lugha. Shemeji yako alipita kwa Kiingereza bila shida, na binti darasani atapita. Mtaani mambo yamebadilika. Wenyeji wanaozungumza Kikannada, lugha ya jimbo, wanaona mji umejaa wageni kutoka India yote wanaokaa miaka kumi bila kujifunza hata salamu, na wamechoka. Mwaka 2014 jina Bangalore lilibadilishwa rasmi kuwa Bengaluru, na 2024 ikapitishwa sheria kwamba asilimia 60 ya maandishi ya vibao vya biashara yawe Kikannada. Mgeni wa kutoka mbali hachukiwi kwa kutokujua. Anapendwa zaidi kwa kujaribu. Amwite dereva au muuza duka "anna", kaka, na mama wa sokoni "akka", dada. Maneno mawili hayo yamenipunguzia bei mara nyingi kuliko ubishi wowote.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini najua liko moyoni. Tarehe 31 Januari 2016, mwanafunzi wa Kitanzania alishambuliwa Bengaluru na kundi la watu wenye hasira baada ya ajali iliyosababishwa na gari la mtu mwingine kabisa, raia wa Sudan. Gari alilokuwamo lilichomwa moto. Watu kadhaa walikamatwa na baadhi ya polisi wakasimamishwa kazi. Sikuelezi ili umzuie mtoto. Maelfu ya wanafunzi kutoka Afrika wanasoma India na kurudi salama. Lakini atatazamwa sana, kuna wenye nyumba watakaomwambia chumba kimeshachukuliwa dakika tano baada ya kumwambia kipo, na inafaa alijue hilo kutoka kwako kabla hajakutana nalo peke yake. Ajiunge na umoja wa wanafunzi Watanzania wiki ya kwanza, asisubiri shida. Kaskazini ya jimbo hilohilo, wilaya ya Uttara Kannada, wapo Wasiddi, raia wa India wenye asili ya Afrika waliokaa huko karne nyingi na wanaozungumza Kikannada na Kikonkani. Wengi Bengaluru hawajawahi kuwaona. Ni habari nzuri ya kuwa nayo mfukoni siku atakayoulizwa kwa mara ya mia ametoka wapi.

Makaratasi kwa ufupi: ndani ya siku 14 za kufika ajisajili mtandaoni kwa ofisi ya wageni, na mwenye piji naye lazima atoe taarifa ya kumpokea mgeni ndani ya saa 24. Piji inayokwepa kutoa taarifa hiyo aiache, hata kama ina maji ya Cauvery.

Na mji wa shemeji bado upo, ukiamka mapema. Saa kumi na mbili asubuhi bustani ya Lalbagh imejaa wazee waliovaa sweta na viatu vya michezo, wanazunguka lile jabali kubwa lenye mnara mdogo wa Kempe Gowda juu yake, wengine wanacheka kwa zoezi, mikono juu. Mmoja wao alinieleza kwamba kitu kimoja tu hakijabadilika tangu ujana wake, nacho ni sentensi: "swalpa adjust maadi". Maana yake, jisogeze kidogo tuenee. Inasemwa kwenye basi, kwenye foleni ya maji, kwa mwenye nyumba na kwa polisi wa barabarani. Jioni ya leo mwambie shemeji akufundishe kuitamka. Kama kweli alikaa huko miaka minne, atacheka kabla hujafika katikati.